Dibor Sene na Jezi Isiyofuliwa

Fyoko, fyoko, fyoko. Hivyo ndivyo asubuhi ilivyoanza kwetu Pikine: nguo iliyolowa ikisuguliwa baina ya kiganja na kifundo cha mkono, povu likibanwa, hewa ikitoka kwa mlio kama wa chura mdogo anayeulizwa jambo. Kwetu mwanamke anayefua bila mlio huo huambiwa anaibembeleza nguo. Wasichana hujifunza kufua kwa sikio kabla ya kujifunza kwa mkono. Na katika nyua zote za mtaa ule hapakuwa na mlio wa haraka, mkavu na usiochoka kama wa Dibor Sene.

Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mweusi wa kung'aa, ila mikono yake ilikuwa imepauka hadi viwikoni. Alikuja mjini kutoka Sine akiwa msichana, kama wanavyokuja wasichana wa Sine karanga zikishavunwa, kufua nguo za watu na kurudi nyumbani mvua zikianza. Msimu mmoja mvua zilianza, yeye hakurudi. Akaolewa na fundi wa matairi, akazaa, akamzika fundi wake, akaendelea kufua. Mtu akimwambia kuwa kufua ni kazi ya chini, alikuwa anajibu, "Ndiyo maana nainama," kisha anainama.

Wateja wake wakubwa walikuwa wanamieleka. Kambi yao ilikuwa mwisho wa mtaa, kiwanja cha mchanga kilichozungushiwa ukuta wa matofali, na ndani yake vijana wenye shingo nene waliokuwa wakiangushana tangu alfajiri hadi jua liwe kali. Dibor aliingia na kapu la plastiki tupu, akatoka nalo limejaa jezi, bukta, taulo na soksi ambazo mama zao wenyewe walikataa kuzileta ndani.

"Jasho bichi halina neno," alikuwa akisema. "Linalonuka ni jasho lililolala."

Kwa hiyo hakuruhusu nguo ilale. Alizimwaga uani, akazigeuza ndani nje, kwa sababu uchafu wa mwanamichezo uko upande wa ngozi, hauko upande wa watu. Hakuzigusisha maji ya moto. Nguo zile za kuteleza, zisizo pamba, ukizichemsha unaipika harufu humo humo. Aliziloweka katika maji baridi yenye siki, ile ile ya kupikia kuku wa vitunguu, mpaka kivuli cha ukuta kijiondokee chenyewe. Kisha akapitisha kipande cha sabuni kwenye makwapa, kwenye ukosi, kwenye mpira wa kiuno. Sabuni ya unga alitia kidogo tu, maana sabuni isiyotoka vizuri kesho nayo huwa uvundo. Akasugua, akasuuza, akasuuza tena hadi maji yaweze kumwonyesha uso wake. Halafu kamba na upepo, nguo bado zimegeuzwa.

Jirani yake Oumy Kebe, muuza samaki wa kukaanga, hakuelewa kwa nini mwenzake hafukizi nguo udi kama wanawake wengine.

"Dibor, weka hata chembe moja kwenye chetezo. Nguo zinukie."

"Zinukie nini?"

"Zinukie vizuri."

"Mimi nataka zisinuke kitu. Anayetaka harufu akamnuse mumewe."

Ndivyo alivyokuwa hata kabla ya jambo la jezi ya Ngor.

Ngor Ndong alikuwa mwanamieleka wa kambi ile, mtoto wa binamu yake Dibor, wa kijiji kimoja naye. Alimwita shangazi. Na kwetu shangazi si mtu wa kupewa kiti tu akakaa. Shangazi anaweza kumvua kofia mwanamume mwenye ndevu na kumwambia nywele zako chafu, na mwanamume huyo akaenda kunyoa. Ngor alikuwa kijana mpole mwenye kifua kama mlango. Alikuwa ameshinda mapambano mawili mfululizo, na la pili alimwangusha mtu aliyemzidi uzito mbele ya redio zote za mji. Sasa alikuwa akiandaliwa kukutana na jitu moja la mji wa Rufisque katika uwanja mkubwa, na mtaa mzima ulikuwa ukitembea kifua mbele kana kwamba wote tutapanda ulingoni.

Mganga wa kambi alikuwa Maalim Demba Ly, mtu wa Futa, nchi ya wafugaji wa ng'ombe, mzee wa sauti laini na joho jeupe lililotiwa wanga mpaka likawa linaongea akitembea. Baada ya ushindi wa kwanza Maalim aliagiza kwamba jezi ya bluu na bukta ambazo Ngor alifanyia mazoezi zisiguswe na sabuni. Kila asubuhi zilinyunyizwa kombe la aya alizoziandika na kuziosha kwa maji, pamoja na maji ya mizizi na maziwa yaliyoganda. Ushindi umekaa ndani ya nguo, alisema. Ukiifua unaufungulia mlango. Hakuna aliyecheka. Katika mieleka yetu watu hawachekei mambo hayo, na aliyeshinda mara mbili nani atambishia?

Lakini nguo ilianza kuwa na maisha yake. Maziwa yalichacha ndani ya nyuzi, mizizi ikachacha juu ya maziwa, jasho likalala juu ya jasho. Ikitundikwa msumarini ilibaki na umbo la kifua, kama mtu amevuliwa kutoka ndani yake. Vijana walianza kupangiana zamu ya kushikana na Ngor mazoezini jinsi watu wanavyopangiana zamu ya kuzibua choo. Alipopita dukani, mwenye duka aliwahi kumletea mkate nje ili asiingie.

Alassane Gaye, meneja wa kambi, alimwonya Dibor mapema.

"Mama Dibor, ile ya bluu usiiguse. Hata kwa bahati mbaya."

"Mimi nachukua nguo iliyomo kapuni. Isiyomo kapuni siioni."

Na kweli hakuiona, mpaka Jumapili moja Ngor alipokuja kula kuskus ya mtama kwake. Walizunguka bakuli, Dibor na Oumy na Ngor, kila mtu na upande wake. Dibor akaona kwamba kijana hanyooshi mkono kufikia nyama katikati. Alikuwa akiinamisha mwili wote, kiwiko kikiwa kimegandamana na ubavu, kama mzee.

"Vua fulana."

"Shangazi, tunakula."

"Chakula hakikimbii. Vua."

Chini ya kwapa la kulia ngozi ilikuwa imechunika, nyekundu, ina vijipele vya maji, na katikati ufa unaotoa usaha. Oumy aligeuza uso na kusogeza sinia lake la samaki wa kuuza upande mwingine.

"Tangu lini?"

"Ni joto tu."

"Inua mkono."

Aliuinua hadi usawa wa bega. Ukakomea hapo, naye akabana midomo.

"Zahanati hujaenda?"

"Nilikwenda. Walinipa dawa ya kupaka, wakasema nipake na nivae nguo safi." Ngor alitazama bakuli. "Dawa ninayo."

"Utamkabili mtu wa Rufisque na mkono wa namna hiyo? Atauona kabla hajakugusa. Ataushika hapo hapo, akutupe kama gunia la karanga."

"Nikiivua ile jezi wataniambia naogopa. Ikifuliwa halafu nianguke, wataniambia nilijitakia. Shangazi, zimebaki wiki chache. Wewe nyamaza tu."

"Kufua naweza, kupika naweza," Dibor alisema. "Hilo la kunyamaza ndilo siliwezi."

Ngor alipokwisha ondoka, Oumy alimwambia ukweli ambao Dibor aliujua. Kambi ndiyo inayomweka mjini. Akiigusa jezi ile, Gaye atapata mfuaji mwingine kabla ya jioni, maana wasichana wa Sine hushuka kituoni kila msimu na makapu yao kichwani. Na mtoto mwenyewe ameomba anyamaziwe. Dibor alimsikiliza hadi mwisho, akasuuza bakuli, akalifunika.

"Mkono ule ndio atakaolia chakula miaka yote," alisema. "Hata siku ambayo Gaye atakuwa amesahau jina lake."

Ijumaa, baada ya sala, wazee wa kambi walikuwa wamekaa kwenye mikeka kivulini mwa ukuta, chai ikimiminwa kutoka juu hadi ifanye povu. Maalim Ly alikuwa katikati, Gaye pembeni, wanamieleka nyuma yao. Dibor aliingia na kapu lake tupu. Haikuwa siku yake ya kuja.

"Ly," akasalimu, akimtaja kwa ukoo kama ilivyo desturi.

"Sene," Maalim akaitikia. "Sene, Sene. Umeshiba? Hata nauliza nini, Sene gani aliyewahi kushiba."

Watu wakacheka. Dibor akaweka kapu chini.

"Nimeshiba, mtumwa wangu. Nimepita kukagua kama unafanya kazi niliyokuachia."

Wakacheka zaidi, na wa kwanza kucheka alikuwa Maalim. Watu wa Sine na watu wa Futa ni watani tangu enzi ya mababu. Huyu humwita yule mtumwa, yule humwita huyu mlafi, na atakayenuna ndiye aliyeshindwa. Kambi nzima hapakuwa na mtu wa kumpinga Maalim Demba Ly, si Gaye, si mzee yeyote. Dibor alilijua hilo. Alijua pia kwamba mtani hampingi mtu, anamtania, na utani hauzuiwi mlangoni.

"Kazi gani uliniachia, mla mtama?"

"Kuchunga. Babu zako walichunga ng'ombe wa babu zangu na kunywa maziwa yote, tukawasamehe. Wewe umepewa maziwa, unayamwaga kwenye jezi. Mtu wa Futa anamwaga maziwa. Wazee wako wakisikia watalia, Ly."

Maalim alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Sene, yale si maziwa ya kunywa. Ni dawa."

"Ilikuwa dawa. Sasa ni jibini. Leteni mkate tuile."

Hata wanamieleka, waliokuwa wakijizuia, waliachia. Dibor hakuwasubiri wamalize. Alimtafuta Ngor kwa macho, akampata nyuma kabisa.

"Njoo hapa."

Ngor hakusogea.

"Anakuita shangazi yako."

Akaja, mkubwa kuliko wote, akasimama mbele ya mikeka na jezi yake ya bluu. Mzee mmoja aliyekuwa karibu alivuta ncha ya kilemba akaifunika pua.

"Inua mkono."

Mkono ulipanda, ukafika begani, ukasimama. Kicheko nacho kikaishia papo hapo. Kila aliyekaa pale aliwahi kupigana mieleka au kuzaa aliyepigana. Hakuna aliyehitaji kuelezwa mkono unaoishia begani maana yake nini.

"Ly, mimi sibishani na maandishi yako," Dibor alisema. "Maneno ya Mungu hayachachi. Kilichochacha ni maziwa, na kinamla mtoto. Nipe hiyo jezi nikaifue."

Gaye alisimama. "Mama Dibor, toka. Nani kakuita hapa? Kazi yako ni kufua unachopewa."

"Kaa, Gaye. Wewe si mtani wangu, nikisema na wewe nitakuvunjia heshima. Nazungumza na mtumwa wangu."

Maalim Ly alikuwa akigeuza kikombe kitupu kiganjani. Angeweza kukasirika, na hasira yake wote waliijua. Lakini macho ya watu yalikuwa juu yake yakingoja kuona kama atanuna mbele ya mwanamke wa Sine, na mzee yule alikuwa mtu wa Futa mpaka kwenye mifupa.

"Sene utaniua wewe," alisema mwishowe. "Kombe lililokwisha ingia mwilini halitoki kwa sabuni. Hirizi zake usiziguse." Akamtazama meneja. "Ama nguo, nguo ni ya kambi."

Gaye akabaki amesimama peke yake.

"Haya, ichukue," alisema taratibu. "Lakini akianguka, nitautangazia mtaa mzima ni nani aliyefua ushindi wake. Na humu hutatia mguu tena."

"Tangaza kwa sauti basi. Mtaa wetu una kelele."

Ngor alivua. Hakuna aliyekubali kuipokea. Kijana mmoja aliitoa kwa ncha ya fimbo, akaidondosha kapuni.

Alifua siku ile ile, jua likiwa bado juu. Watu walikuja kusimama mlangoni, wengine kwa uoga, wengine kwa umbeya. Aliigeuza jezi, akaitia katika maji baridi, na maji yakawa meupe, kisha ya kijivu, kisha rangi ya chai. Akamwaga kwenye ndoo, akatia mengine. Siki ilipoingia, harufu iliinuka, wenye kusimama karibu wakarudi hatua. Alisubiri. Kisha akainama, fyoko, fyoko, akianzia kwapani. Vipande vyeupe vya maziwa magumu vilikuwa vikitoka kama magamba ya samaki.

Taabu ilikuja kwenye maji machafu. Kwetu maji ya dawa ya mwanamieleka hayamwagwi popote. Atakayeyakanyaga anaweza kubeba yaliyokusudiwa mwingine. Dibor alipoinua ndoo kuelekea mtaroni, mama mmoja aliyebeba mtoto akapiga kelele asiyamwage njiani. Mwingine akasema asiyamwage upande wa bomba. Mwenye duka akasema asiyamwage mbele ya duka. Kila mahali palikuwa na mwenyewe.

Dibor aliwatazama mmoja mmoja, ndoo mkononi. Kisha akavua ndala, akasimama pale pale uani kwake, akayamwaga yote juu ya miguu yake mwenyewe, polepole, hadi tone la mwisho. Yakapita katikati ya vidole, yakaingia mchangani.

"Kama kuna kitu kitamkuta aliyekanyaga," alisema, "kije. Nitakuwa hapa, nasuuza."

Tangu siku ile jezi ilifuliwa kila baada ya mazoezi. Ngor alipaka dawa ya zahanati juu ya ngozi kavu, akavaa nguo kavu. Ufa ukajifunga, wekundu ukafifia, na vijana wakaacha kupangiana zamu.

Siku ya pambano mtaa ulibaki na mbuzi tu. Dibor alikuwepo uwanjani, amekaa na Oumy kati ya wanawake wa Pikine, ngoma zikigongana vifuani. Ngor aliingia amefungwa hirizi zake zote, akamwagiwa chupa kwa chupa za kombe kichwani, na shangazi yake hakukunja uso. Mwilini wamwage watakavyo, alisema, mwili unaoga. Kijana alipigana vizuri. Mkono wa kulia ulikuwa juu tangu mwanzo, ukizuia, ukipiga, na mara mbili mtu wa Rufisque aliutafuta akaukosa. Mwishowe jitu lile likaacha mkono, likaenda chini, likakumbatia mguu. Ngor akaruka kwa mguu mmoja, akaruka tena, akaenda chali.

Kilichomwangusha ni mguu, si mkono. Lakini mtaani nani alikuwa na subira ya kuelezwa hivyo?

Gaye alitangaza, kama alivyoahidi. Alisema dukani, alisema nje ya msikiti, alisema kwenye kijiredio kimoja cha mtaani. Kambini akaletwa msichana mwingine kufua. Wanawake waliokuwa wakimpa Dibor mashuka yao wakawa wanayafua wenyewe kwa muda, wakisema migongo yao imepona. Oumy alimjia na rai.

"Sema hukuifua sawasawa. Sema uliichovya tu majini. Watakuacha, Dibor, wanataka neno tu la kushika."

"Nilikuwa nafua nguo kabla Gaye hajazaliwa, na hakuna niliyoifua kama ile. Mwambie hivyo. Asipokusikia rudia."

Maalim Ly naye alilaumiwa kidogo, ila yeye alikuwa mzee na mganga. Alimtumia Dibor kibuyu cha maziwa lala na salamu: mwambieni Sene haya ni ya kunywa. Dibor akayanywa hadi chini, akarudisha kibuyu kichafu, na ujumbe kwamba mtumwa ajioshee mwenyewe. Ilisemekana mzee alicheka siku mbili.

Ngor hakuonekana. Wengine walisema amerudi Sine, wengine kwamba anaona haya. Hata Dibor, ambaye hakumuulizia kwa mtu, alikuwa akitazama mlango kila geti lilipolia.

Alikuja Alhamisi asubuhi, wakati uani pamejaa wanawake wanaosubiri zamu ya bomba. Alibeba begi begani. Wanawake wakageuza shingo. Akapita katikati yao, akasalimu, akaweka begi mbele ya beseni la shangazi yake.

"Mimi sifui tena nguo za kambi," Dibor alisema bila kuinua kichwa. "Hujasikia redio?"

"Nimesikia. Hizi si za kambi. Ni zangu. Nimeanza mazoezi peke yangu, kule uwanja wa shule." Akasita. "Jezi ya bluu imo. Jasho la jana tu."

Wanawake kwenye bomba walikuwa wameacha ndoo zao zijae na kufurika. Mmoja alinong'ona kitu, mwingine akaguna. Ngor alisikia. Kichwa chake kikashuka kama cha mtoto aliyekemewa, na mabega yakaanza kuingia ndani.

Dibor akajifuta mikono kwenye kanga ya kiunoni. Akasimama.

"Inua mkono."

"Shangazi, watu wapo."

"Inua."

Aliuinua. Ulipita bega, ukapita sikio, ukanyooka hadi juu, kama mwamuzi anavyouinua wa mshindi, na kwapa lilikuwa zima, jeusi, kavu. Ndoo zilikuwa bado zikifurika. Baada ya muda kijana akaona haya, akaanza kuushusha.

Dibor alimsogelea, akamshika kiwiko kwa vidole vyake vilivyopauka, akaongea kwa sauti ambayo sisi tuliokuwa karibu tu tuliisikia.

"Usiushushe bado."